Keki ya arusi kwa wageni 200

Katika arusi za Bukavu, usikadirie keki kwa idadi ya kadi, kwa kuwa kadi ya «Bwana na Bibi» huweza kuleta watu wanne. Hesabu viti vya ukumbini. Kipande cha kawaida kina upana wa sentimita 2.5, urefu wa 5 na kimo cha 10, hivyo keki ya duara yenye kipenyo cha sentimita 30 hutoa vipande 56 hivi, ya 25 hutoa 38 na ya 20 hutoa 24, yaani 118 kwa ghorofa hizo tatu. Ghorofa zaidi ni fahari tu. Mimi ningeongeza keki ya mstatili ya sentimita 30 kwa 40, isiyo na mapambo, ikatwe jikoni vipande 96. Keki wanazopelekewa wazazi zihesabiwe kando, maana hizo hazirudi mezani.