Jinsi ya kukisoma kitabu cha Gregor Ziemer bila kupotea

Kwanza jua jamaa alikuwa nani. Ziemer alikuwa mwalimu Mmarekani, hedimasta wa shule ya watoto wa Kimarekani pale Berlin toka 1928 mpaka 1939, yaani Hitler anaingia madarakani yeye alishakuwepo. Kitabu chake Education for Death, kinachoeleza jinsi Wanazi walivyowalea na kuwafundisha watoto wa Ujerumani, kilitoka 1941, hiyo tarehe usiisahau maana vita ilishaanza Ulaya na alikuwa anawaamsha wenzake kwao.

Sasa shika penseli, kila ukurasa weka alama, "kaona" au "kaambiwa". Darasa alilokaa akasikiliza mwenyewe, kaona. Maneno ya ofisa wa chama cha Nazi, hayo kaambiwa tu. Inachosha kidogo mwanzoni lakini ndo kazi yenyewe hiyo, mi naona bila penseli bora uache.

Pembeni chora ngazi ya umri: mvulana miaka 10 anaingia Jungvolk (kikundi cha Nazi cha wavulana wadogo), 14 Hitlerjugend (Vijana wa Hitler), wasichana nao njia yao, la sivyo utachanganyikiwa.

Katuni ya Disney ya 1943 iliyotokana na kitabu hiki iache mwisho. Ni dakika 10 hivi na ni propaganda ya vita, ukianza nayo Hans, yule mtoto wa kwenye katuni, atakuganda kichwani kitabu kizima.