Bushi za poliurethani zinapolia: namna ya kuzinyamazisha

Gari lililofungwa bushi za poliurethani (plastiki ngumu inayokaa kwenye viungo vya chini ya gari badala ya mpira) likianza kulia "nyii, nyii" kila linapopanda tuta, usikimbilie kuzitupa. Mara nyingi bushi yenyewe ni nzima. Kilichokwisha ni grisi, au kibomba cha chuma kilichomo ndani yake hakikubanwa sawasawa.

Bushi ya mpira ya kiwandani imegandishwa kwenye chuma ndani na nje. Amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) ikipanda na kushuka, mpira unajisokota tu, hausuguani na kitu. Ya poliurethani haikugandishwa: inazunguka juu ya kibomba chake. Pasipo grisi inanasa, inaachia, inanasa tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na hiyo ndiyo sauti unayoisikia. Hapa Mwanza grisi haikai muda mrefu. Kiangazi kuna vumbi, njia za vilimani zina mchanga wa mawe ya itale unaokwaruza chuma, na mashine ya presha ya kuoshea gari ikielekezwa kwenye bushi huisukuma grisi itoke. Gari linaloshuka mwaloni kila siku kubeba dagaa hupata vyote: mchanga, maji na mzigo.

Kwanza itafute inayolia. Asubuhi, kabla gari halijatembea, mtu mmoja abonyeze kona ya mbele kwa uzito wake wote huku mwingine akisikiliza chini. Chukua chupa ya maji yenye tundu dogo kwenye kizibo, lowesha bushi moja tu, kisha bonyezeni tena. Sauti ikikata, umeipata. Isipokata, nenda ya pili. Kama sauti ni "gon, gon" badala ya mlio, grisi haitasaidia: kagua linki za stebilaiza (fito la chuma linalounganisha magurudumu mawili ya mbele ili gari lisilale kwenye kona), boli joint (kiungo cha duara kwenye gurudumu), na boliti zilizolegea.

Tukianza na stebilaiza, maana ndiko kelele nyingi zinakotoka. Egesha gari mahali tambarare, si kwenye miteremko ya Bugando, na zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Nyanyua magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, ulikalishe gari juu ya stendi. Ukinyanyua upande mmoja tu, stebilaiza inabaki imejikunja na klampu (kibanio kinachoshikilia bushi) inaweza kuruka boliti ya mwisho inapotoka. Fungua klampu, panua bushi kwenye mpasuko wake, itoe.

Safisha chuma kwa brashi ya waya, malizia kwa msasa namba 400 hadi kidole kisikwame popote. Sasa pima unene wa stebilaiza pale bushi inapokaa. Usipokuwa na venia (kifaa cha kupimia unene), zungushia uzi mara moja, upime urefu wake, ugawanye kwa 3.14: uzi wa milimita 75.4 ni chuma cha milimita 24. Bushi ya 25 kwenye chuma cha 24 itagonga. Ya 23 itabana na kulia hata ukiimwagia grisi kopo zima. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu bushi hununuliwa kwa jina la gari na wala si kwa kipimo.

Tumia grisi ya silikoni isiyosombwa na maji, kama gramu 5 kwa kila bushi, sawa na kijiko cha chai. Paka tundu la ndani, mpasuko, na uso unaogusa klampu. Grisi ya kawaida ya bearingi husombwa mapema, na baadhi ya grisi za petroli hulainisha poliurethani. Oili chafu ndiyo mbaya kabisa: inanyamazisha siku mbili, halafu inashika vumbi na kuharibu mipira mingine ya jirani. Ukikosa grisi nzuri, zungushia stebilaiza tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tatu au nne kabla ya kurudisha bushi. Inapunguza mkwaruzo vizuri.

Kwenye amu kazi ni kubwa zaidi, na kosa la kawaida ni kibomba. Kinapaswa kuwa kirefu kuliko bushi kwa kiasi kidogo, kama nusu milimita, ili boliti ikikazwa ibane kibomba na bushi ibaki huru kuzunguka. Kikiwa kifupi, boliti inabana poliurethani yenyewe, nayo italia hadi ikatike. Boliti ikilegea, kibomba kitazunguka juu yake na kula matundu ya chasisi. Fuata kipimo cha kukazia cha gari lako. Kwenye amu mara nyingi huzidi Nm (nyutoni-mita) 100, kwa hiyo mkono mtupu na spana fupi havitoshi.

Bushi ya zamani itolewe kwa presi (mashine ya kugandamiza). Kuichoma moto kunatoa moshi wenye sumu, na amu ya aluminiamu hupoteza nguvu. Kama kwenye amu hiyo kumebaki bushi ya mpira, boliti yake ikazwe gari likiwa limekalia magurudumu yake, la sivyo mpira utabaki umesokotwa na kuchanika mapema.

Baada ya kilomita 1,000 rudia kukaza. Kisha paka grisi upya kabla ya vuli na baada ya masika.

Ngurumo ya rasta (vijituta vya barabarani) na changarawe inayoingia ndani ya gari ni jambo lingine. Inatokana na ugumu wa poliurethani, na hakuna grisi itakayoiondoa. Ikikuchosha, acha poliurethani kwenye stebilaiza, rudisha mpira kwenye amu.