Jinsi ya kuomba paka wa manyoya marefu kutoka kituo cha uokoaji Dar es Salaam

Mara ya kwanza nilipoomba paka wa Kiajemi (Persian), yule wa manyoya marefu na uso bapa, nilinyimwa kwa sababu ya dirisha la jikoni. Fomu nilikuwa nimeijaza vizuri, nakala ya kitambulisho cha NIDA nimeambatanisha, na fedha ya mchango nimeshaitenga. Kijana aliyetumwa kukagua nyumba akausukuma wavu wa dirisha kwa kidole kimoja, ukachomoka kwenye fremu. "Dada, huu ni wa mbu," akaniambia. "Paka ataondoka nao." Nikaambiwa niombe upya nikishatengeneza. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nyumbani, fomu itafuata.

Kwanza ujue unaomba kwa nani. Vituo vya kuokoa wanyama hapa Dar vinaendeshwa na mashirika binafsi na watu wa kujitolea, na kila kimoja kina fomu yake. Paka wa manyoya marefu hawafiki huko mara kwa mara. Wengi huachwa na watu waliomaliza mkataba wa kazi na kurudi kwao, au na waliomnunua akiwa mtoto kwa ajili ya picha, manyoya yakawashinda. Piga simu, jiandikishe kwenye orodha ya wanaosubiri, uwe na subira. Usitegemee cheti cha ukoo. Na ukitamka kwamba unataka jike ili azae uuze watoto, umeshajiondoa mwenyewe kwenye orodha, maana paka hawa hutolewa wakiwa wameshafungwa kizazi au kuhasiwa.

Sasa nyumba. Nondo za dirisha humzuia mwizi, paka anapita katikati yake bila kuguswa. Mwite fundi afunge wavu wa waya wenye matundu madogo, aukaze kwenye fremu kwa misumari au skrubu. Ukikaa ghorofani, Upanga au Kariakoo, kibaraza nacho kifungwe. Paka huyu anaishi ndani: akitoka wakati wa masika anarudi na tope na miba hadi kwapani, na kwa sura yake kuna watu watakaomfungia kwao kabla hujajua ameenda wapi.

Kama umepanga, omba barua ya mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba wangu alishanikubalia kwa mdomo, tena kwa kucheka, lakini kituo kilitaka maandishi: jina lake, mtaa na namba ya nyumba, kwamba anakubali paka mmoja akae ndani, sahihi na tarehe. Mimi niliongeza barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Haikuombwa, ila ilipunguza maswali.

Ndipo ujaze fomu. Majina na anwani hayana ugumu. Maswali yenye uzito ni mawili. La kwanza: ukisafiri Desemba kwenda Moshi au Bukoba, paka anabaki na nani? "Kwa jirani" si jibu. Andika jina na namba ya simu ya mtu uliyeshamuuliza akakubali. La pili: nani atamchana, na saa ngapi?

Hapo ndipo maombi mengi yanapofia. Paka wa Kiajemi huchanwa kila siku, dakika kumi hadi kumi na tano, kwa chanuo la chuma lenye meno yaliyoachana. Manyoya hujisokota kwanza pale pasipoonekana: kwapani, tumboni, nyuma ya masikio, chini ya mkia. Fundo dogo la leo wiki ijayo ni gamba linalovuta ngozi kila akitembea. Usilikate kwa mkasi, ngozi ya paka ni nyembamba na hujikunja ndani ya fundo, utamkata. Lifungue kwa vidole kuanzia nchani, ukishindwa mpeleke akanyolewe kwa mashine. Na usimwogeshe kabla ya kumchana, maji hukaza mafundo. Kama atakayechana ni dada wa kazi, mpeleke naye kituoni siku ya kumwona paka. Kituo nilichoomba kilimhoji yeye zaidi yangu.

Watakuuliza na habari za joto. Uso bapa humfanya apumue kwa shida, na Januari hadi Machi jiji letu ni joto juu ya unyevu. Feni haimsaidii paka kama inavyotusaidia sisi, kwa sababu hatoi jasho mwili mzima, ni nyayo tu. Anachohitaji ni sakafu ya vigae, kivuli na maji yanayobadilishwa. Akianza kuhema mdomo wazi kama mbwa, ni daktari, tena mara moja.

Siku ya kumwona, usiangalie manyoya peke yake. Tazama pua kama anavuta hewa bila kukoroma sana, na macho, kwani aina hii hutokwa machozi yanayohitaji kufutwa kila siku. Angalia mabaka yaliyonyonyoka: yanaweza kuwa choa, na choa ya paka huambukiza watu. Uliza kama figo zimepimwa kwa altrasaundi, kwa kuwa paka wa Kiajemi hurithi ugonjwa wa uvimbe wa maji kwenye figo, na mzazi mmoja mgonjwa anatosha kuupitisha. Omba kadi ya chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa. Ndiyo, paka naye huugua kichaa cha mbwa. Kadi iwe na jina na sahihi ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari.

Mkataba usome wote. Wangu ulisema sitamuuza wala kumgawa, nikishindwa namrudisha kituoni, na wana haki ya kuja kumtazama. Lipa mchango, chukua risiti. Kama ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, hakikisha namba yake, tarakimu 15, imehamishiwa kwenye jina na simu yako palepale. Baadaye watu husahau.

Kumchukua, nenda asubuhi mapema na kizimba cha kubebea, kwa bajaji au teksi. Foleni ya saa saba mchana si mahali pa paka huyu.

Wiki mbili za mwanzo akae chumba kimoja, na chakula kilekile alichozoea, ukichanganya kipya kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Asipokula siku mbili usingoje ya tatu, ini lake huharibika haraka. Chooni tumia mchanga wa paka. Nilijaribu maranda ya mafundi seremala kwa kubana matumizi, yakamganda mkiani, nikayazoa sebuleni kwa wiki nzima. Tena mbao nyingi zimepakwa dawa. Usimpe Panadol hata kipande, inaua paka. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin usimpake wala usimlaze karibu na mbwa aliyetoka kupakwa.

Baada ya mwezi kituo kitakupigia au kukuomba picha. Mimi nilituma ya paka amekaa kwenye kochi, amechanwa, anang'aa. Wakajibu: "Tunashukuru dada, sasa tutumie ya tumbo."