Ukitaka kupima kwa usahihi, legeza fokasi kidogo

Unapotafuta mahali ilipo nukta ya mwanga kwenye picha (nyota, doa la leza, alama ya kupimia), usichukue pikseli (kidoa kimoja kati ya vile vinavyounda picha) angavu kuliko zote ukaishia hapo. Legeza fokasi kidogo mpaka nukta isambae juu ya pikseli tatu hivi, kisha tafuta kitovu cha mwangaza: toa mwangaza wa mandharinyuma, zidisha namba ya nafasi ya kila pikseli kwa mwangaza wake, jumlisha, gawa kwa jumla ya mwangaza. Mfano, pikseli namba 100, 101 na 102 zina mwangaza wa 30, 90 na 70, na mandharinyuma ni 10. Zinabaki 20, 80 na 60, na kitovu kinaangukia 101.25. Ukisahau kutoa ile 10 unapata 101.21, maana mandharinyuma huvuta jibu kuelekea katikati ya dirisha, yaani kundi la pikseli unazopima. Hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Siri ni kwamba pikseli jirani hugawana mwanga kulingana na mahali nukta ilipo, kwa hiyo uwiano wao unabeba habari ambayo pikseli moja haina. Ndiyo maana vifaa vya kufuatilia nyota kwenye satelaiti hulegezwa fokasi makusudi.

Mbinu hii inagoma pale pikseli inapojaa mwanga hadi kikomo (255 kwenye picha ya biti 8), au nukta mbili zinapogusana. JPEG (picha iliyobanwa) nayo huchezea thamani za pikseli, tumia picha ghafi, yaani ambayo haijabanwa hivyo. Na ukizidisha kulegeza, mwanga unatawanyika mno na kelele za picha (chengachenga za nasibu kwenye pikseli) zinaumeza.