Umetoka kwenye tumbaku? Nawa kwanza
Wakulima wenzangu wa huku Tabora, hasa sisi wa Urambo na Sikonge tunaolima tumbaku na vinyanya kidogo pembeni, ukitoka kushika tumbaku au kuvuta sigara nawa na sabuni ndo uguse miche ya nyanya, kirusi cha batobato (kile cha tumbaku kinachotia majani mabaka) kinahama hata kwa mikono. Na ile habari watu wanayosema, eti usage vidonge vya aspirini unyunyizie nyanya kuzuia hicho kirusi, sio uzushi mtupu, 1979 mtafiti White kule Uingereza aliidunga kwenye majani ya tumbaku na madoa ya hicho kirusi yakapungua sana, maana mmea wenyewe unatengenezaga asidi ya salisiliki, ndugu yake aspirini, kuamsha kinga yake. Ila haitibu mche ulioshaugua, huo ng'oa tu, na ukizidisha dozi unababua majani (mimi niliunguza tuta zima).