Kuotesha drosera kwa mbegu: anza na maji

Wengi wanaotaka kuotesha mimea inayokula wadudu huwa wameshaona video ya dionaea (Venus flytrap, mmea wenye majani ya mtego) ikimfumbia nzi, na ndiyo wanayoitaka. Iache kwanza. Dionaea asili yake ni nyanda chepechepe za North Carolina na South Carolina, Marekani, na kila mwaka inahitaji miezi mitatu minne ya baridi ipumzike. Ukiiotesha Mwanza au Mombasa itaota vizuri tu, kisha itadhoofika mwaka hadi mwaka kwa kukosa baridi hiyo. Hata kule inakostawi, kutoka mbegu hadi ukubwa kamili ni miaka mitatu hadi mitano. Mtu anayeanza hana subira hiyo, na hana sababu ya kuwa nayo.

Anza na drosera, mmea unaonasa wadudu kwa ulimbo, hasa Drosera capensis ya Rasi ya Afrika Kusini. Jani lake ni refu na jembamba, limejaa vinyweleo vyekundu, na kila kinyweleo kina tone la ulimbo kichwani. Mdudu akinasa, vinyweleo humwinamia, na baadaye jani lenyewe hujikunja kumzunguka. Mmea huu hauhitaji kipindi cha baridi, hujichavusha wenyewe, na ukitunzwa vizuri huweza kuchanua ndani ya mwaka mmoja au mwaka na nusu.

Unapenda hali ya hewa ya wastani, kama ya Nairobi, Arusha, Iringa, Lushoto, Kigali au Bukavu. Kama uko Dar es Salaam, Mombasa, Unguja au Muscat, ambako hata usiku ni joto, chukua Drosera burmannii, ambayo ni ya nchi za joto. Hatua ni zilezile.

Maji

Kinachoua drosera nyingi za wanaoanza ni maji ya bomba. Mimea hii imezoea ardhi chepechepe yenye tindikali, ambako mvua imeshaosha karibu chumvi zote. Kopo lake hukaa ndani ya sinia la maji muda wote. Maji yanapanda na kukauka, chumvi inabaki, wiki baada ya wiki. Mche haufi siku moja. Ncha za majani hugeuka nyeusi, ulimbo hupotea, utando mweupe hujitokeza juu ya udongo, na mwenye mmea anadhani una njaa.

Kuchemsha hakusaidii. Kunaua vijidudu, lakini chumvi zilizoyeyuka nyingi hubaki palepale, tena ndani ya maji machache zaidi.

Tumia maji ya mvua. Acha mvua ioshe bati dakika kumi au kumi na tano ndipo ukinge. Ndoo au tangi la plastiki ni sawa; tangi la saruji halifai kwa sababu saruji huachia chokaa. Wakati wa kiangazi unaweza kununua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri, maana hayo yameondolewa madini. Ila soma lebo mwenyewe: duka hilohilo huuza na asidi ya betri, chupa zinaweza kufanana, na kosa hapo litaunguza mikono kabla ya mmea. Maji ya kunywa ya chupa mara nyingi yana madini mengi mno. Angalia TDS (kiasi cha madini na chumvi zilizoyeyuka) kwenye lebo, na ikizidi miligramu 50 kwa lita, yanywe wewe. Kipima TDS cha mkononi, kile kama kalamu, ni bei nafuu na kinamaliza ubishi.

Udongo na kopo

Changanya pitimosi (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu) sehemu mbili na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) sehemu moja. Lita moja hivi inatosha kopo mbili za upana wa sentimita 10. Pitimosi nyingi ya madukani imetayarishwa kwa ajili ya miche ya nyanya na kabichi, kwa hiyo imeshatiwa chokaa na mbolea. Ukiona NPK imeandikwa kwenye mfuko, rudisha. Samadi, mboji na udongo wa msituni havina kazi hapa: mbolea huunguza mizizi ya drosera na kulisha mwani.

Ukikosa perlaiti, mchanga mweupe wa kuchujia maji ya bwawa la kuogelea unafaa. Mchanga wa pwani usiuguse. Mchanga mwingine wowote uoshe, kisha uutilie siki kidogo kijikoni. Ukitoa mapovu una chokaa, utupe. Makumbi ya nazi yaliyosagwa hubeba chumvi nyingi. Yanatumika, lakini baada ya kulowekwa na kusuuzwa mara kadhaa kwa maji safi hadi maji yanayotoka yasome chini ya 50. Kwa anayeanza ni usumbufu.

Pitimosi kavu hukataa maji. Mimina maji ya uvuguvugu na uikande kama unga hadi ilowe yote. Ukikamua konzi moja yatoke matone machache. Jaza kopo la plastiki lenye matundu chini, la kina cha sentimita 8 hadi 10, acha sentimita moja juu, sawazisha bila kushindilia.

Kusia

Mbegu ya capensis ni nyeusi, nyembamba, imechongoka pande zote mbili, na urefu wake ni kama nusu milimita. Kwenye kiganja utadhani ni vumbi. Ukiuziwa mbegu za drosera zenye ukubwa wa mbegu za mchicha, umeuziwa kitu kingine. Hali kadhalika pakiti za mtandaoni zenye picha za dionaea ya bluu au waridi iliyokolea: mmea huo haupo. Ukiagiza kutoka nje, uliza kwanza masharti ya kibali cha kuingiza mbegu kwa mamlaka ya afya ya mimea: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA.

Kunja karatasi nyeupe katikati, weka mbegu kwenye mkunjo, kisha gongagonga ukingo kwa kidole huku ukiipitisha juu ya kopo, mbegu zidondoke chache chache. Zima feni na funga madirisha kwanza, na usipige chafya. Mbegu 20 au 30 kwa kopo zinatosha.

Usizifunike kwa udongo. Zinahitaji mwanga ili ziote, na hili ndilo kosa la pili kwa ukubwa baada ya maji ya bomba, maana mkono uliozoea mahindi hufukia wenyewe. Nyunyizia ukungu mwepesi wa maji zishike, basi. Kuanzia hapo usimwagilie tena kutoka juu, la sivyo mbegu zote zitasombwa hadi pembeni mwa kopo.

Weka kopo ndani ya sinia lenye maji ya kina cha sentimita moja au mbili, na ulifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa, mfuniko wake ukiwa umelegezwa hewa ipite. Sehemu nzuri ni kando ya dirisha lenye mwanga mwingi, nje ya jua kali: jua la saa saba likipiga chupa iliyofunikwa, ndani panakuwa tanuri. Taa ya LED nyeupe, sentimita 15 hadi 20 juu ya kopo, saa 14 kwa siku, hufanya kazi vizuri kuliko dirisha la ghorofa lenye kiza. Joto liwe kati ya nyuzi 20 na 27.

Sinia la maji ni nyumba ya mbu. Limwage na ulisugue kila baada ya siku nne au tano, kabla viluwiluwi havijakomaa. Wala usitegemee drosera ikumalizie mbu wa nyumbani. Itanasa wawili watatu, waliobaki watakuuma wewe.

Kusubiri

Mbegu nzuri huanza kuota kati ya wiki ya pili na ya nne, nyingine huchelewa hadi wiki ya sita au zaidi, kwa hiyo usimwage kopo mapema. Kinachotokea ni majani mawili ya kijani, upana wa milimita moja. Piga picha kwa simu kisha uikuze. Jani la kwanza la kweli linakuja tayari na vinyweleo vichache vyenye ulimbo, mtego kamili usioonekana vizuri kwa macho.

Miche ikishaota, anza kuinua chupa saa chache kwa siku, uiondoe kabisa baada ya wiki mbili. Ulimbo ukikauka, irudishe na upunguze kasi. Ukungu mweupe kama pamba ni ishara ya hewa iliyosimama: toa sehemu iliyoathirika kwa kijiko na ongeza hewa. Utando wa kijani unaofunika miche unatokana na mbolea iliyojificha kwenye pitimosi au maji mabaya. Vijinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya kopo hutaga mayai humo, na viwavi wao hula mizizi ya miche; punguza maji ya sinia uso wa udongo ukauke kidogo, na tundika karatasi yenye gundi.

Miche iliyorefuka, ya kijani tupu na isiyo na ulimbo, inadai mwanga. Isogeze kidogo kidogo kuelekea jua la asubuhi, hadi saa nne. Wekundu kwenye vinyweleo ukianza kuonekana, umepata mahali pake.

Kulisha na kuhamisha

Wadudu wadogo wa kwenye udongo hulisha miche bila msaada wako. Majani yakifika milimita tano unaweza kusaga chakula cha samaki kiwe unga, na kwa ncha ya kijiti cha meno kilicholowa kuweka chembe moja kwenye jani moja, kila wiki mbili au tatu. Chembe moja. Zaidi ya hapo jani huoza. Nyama na jibini huozesha papo hapo.

Hamisha mche ukifika upana wa sentimita moja na nusu. Mizizi ni mirefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo chota na bonge lake kwa kijiko cha chai na uache sentimita nne kati ya mche na mche. Ukipoteza ulimbo kwa wiki moja baada ya kuhama, uache tu.

Mmea ukichanua, maua hufunguka moja moja, kisha vikonyo hukauka na kuwa kahawia. Vikate, vigongee juu ya karatasi nyeupe, hifadhi mbegu kwenye bahasha ya karatasi kavu ndani ya friji, hukaa miaka. Zikizidi, wape marafiki. Usizimwage kwenye kinamasi wala kando ya mto: Nyuzilandi mmea huu unahesabiwa kuwa gugu vamizi, na vinamasi vya Afrika Mashariki vina drosera zake vyenyewe, kama Drosera madagascariensis.