Somo: Kupata kikundi cha kuacha pombe ukiwa Tabora, na kukaa kikao cha kwanza

Wanaonitafuta huanza kwa kuuliza kikundi kiko wapi. Nikishawaelekeza, swali linalofuata ni moja: "Nikionekana je?" Mji wetu huu, mtu wa Ng'ambo akiingia mlango asiouzoea, Cheyo nzima imepata habari kabla ya magharibi. Kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Mwili kwanza. Kama kila asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako chumbani. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, au kituo cha afya kilicho karibu, useme unakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho lini. Kama ni gongo, sema gongo.

Hatua ya 2: Ulizia. Usitafute kibao barabarani, vikundi hivi havijitangazi. Muulize afisa ustawi wa jamii, paroko, sheikh, au mtu aliyepitia soba hausi (nyumba ya kuachia ulevi) akarudi mzima. Maneno haya yanatosha: "Hapa kuna watu wanaokutana kusaidiana kuacha pombe?" Hulazimiki kusema unajiulizia mwenyewe. Mwenye simu ya intaneti anaweza pia kuingia mikutano ya mtandaoni ya AA (Alcoholics Anonymous), yaani vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Mingi ni ya Kiingereza, na gharama yake ni bando tu.

Hatua ya 3: Piga simu kabla. Uliza siku, saa, na kama kikao ni cha wazi au cha ndani. Cha wazi anaingia yeyote, hata ndugu. Cha ndani ni cha wenye shida ya pombe peke yao.

Hatua ya 4: Siku yenyewe. Fika mapema kidogo, maana anayeingia katikati ndiye anayegeukiwa na benchi zima. Jina moja linatosha, na si lazima liwe la kwenye kitambulisho. Kwetu mgeni humiminiwa chai nusu kikombe: mkono unaotetemeka ukikipokea kikiwa kimejaa, chai yote iko kwenye suruali, na huyo wiki ijayo humwoni. Anayeongoza husoma utaratibu, kisha kila mmoja anaeleza yake. Hukatizwi wala huhojiwi. Zamu ikikufikia, "leo nasikiliza tu" ni jibu kamili. Kapu likipita, mwenye chochote atie, ada hakuna.

Sasa kuonekana. Waliomo ndani wanaogopa hicho hicho unachoogopa, na siri yao unayo kama wao walivyo na yako. Mkikutana sokoni mnasalimiana kama majirani wengine, basi. Ukiona bado moyo unakataa, chagua kikundi cha upande wa pili wa mji, mwambie bodaboda akushushe dukani, umalizie kwa miguu. Ila nami niseme langu: kilabuni tulikuwa tukiingia jua la saa nane, na hakuna aliyejifunika shuka.

Hatua ya 5: Rudi tena. Ondoka na namba za watu wawili. Namba hizo hupigwa kabla ya kunywa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Urambo, huku hakuna kikundi kabisa.*
Marahaba. AA yenyewe ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa watu wawili: mfanyabiashara wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi. Mpaka leo wawili au watatu wakikutana kwa nia ya kuacha pombe wanahesabika kikundi. Mtafute mwenzako mmoja, ombeni darasa au ukumbi wa kijiji. Grosari hapana, hata kama mwenye nayo ni shemeji yako.

*Mimi Mwislamu. Nasikia wanasali Kikristo?*
Zile hatua 12 za AA, mwongozo wao wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu "kama tulivyomfahamu", kila mtu na imani yake. Baadhi ya vikao hufunga kwa sala. Unaweza kunyamaza, hakuna atakayekuuliza.

*Na siku nikiwa nimeshakunywa?*
Njoo. Sharti la kuingia ni nia ya kuacha tu. Kaa, sikiliza, usichangie siku hiyo, na pikipiki iache nyumbani.

*Kaka, mume wangu hataki. Nimlete kwa nguvu?*
Hapana, dada. Njoo wewe kwenye kikao cha wazi. Ndugu wa walevi wana vikundi vyao pia, Al-Anon, tangu 1951, na vingine hukutana mtandaoni. Ila kama anakupiga, hilo usilisubirishe kikao: nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto.

*Nimeacha bia na konyagi. Wanzuki si asali tu jamani?*
Asali ikishachachuka ni pombe, ndugu yangu. Kama unachopenda ni asali yenyewe, uko Tabora: nunua ya chupa, tia kwenye chai.